Bega la Bandia: Mwenye Kupasuliwa Atarajie Nini



Baada ya mkutano wetu wa mwezi wa Aprili, mwanachama mmoja alinifuata barazani akanivuta kando, akanionyesha mkono wake wa kulia. Hakuweza kuuinua kupita kifua. Alianguka mkarafuuni miaka mingi nyuma, mfupa ukaunga wenyewe, naye akaendelea na kazi. Sasa maumivu hayamwachi kulala. Daktari amemwambia kwamba kiungo cha bega kimelika, na dawa yake ni kukitoa na kutia kingine cha bandia. Gharama ni kubwa, naye alikuwa akifikiri kuuza mikarafuu kumi na miwili ya urithi. Akaniuliza swali moja tu: "Katibu, nikitiwa bega jipya, msimu ujao nitapanda?"

Sikuwa na jibu. Kazi yangu ni daftari, si utabibu. Walakini nalikumbuka kwamba mzee wetu mmoja, aliyekuwa mjumbe wa chama hiki kabla ya kuhamia kwa binti yake Korogwe, alitiwa bega la namna hiyo Februari 2024. Tena wako wachumaji kutoka Handeni waliokuwa wakija kwetu katika mwaka mkubwa, na mmoja wao alianguka akavunjika bega katika shamba la mwenzetu msimu wa 2022. Basi nilipokuwa na safari ya Tanga mwezi wa Mei 2025 kwa shughuli za chama, nalijiongezea siku tatu, nikapanda basi la kupitia Muheza na Segera hata Korogwe. Niliyoyaona huko, pamoja na niliyoelezwa na daktari wa mifupa na niliyoyasoma, ndiyo haya.

Jibu la swali nalitoa mapema, nisimchoshe mtu: hatapanda. Si msimu ujao, wala msimu wa baada yake. Atakayeuza mikarafuu kwa ajili ya bega jipya auze akijua hivyo.

Sasa je, kama hatapanda, faida yake nini? Hilo alinijibu mzee wa Korogwe. Nalimkuta ameketi barazani kwa bintiye, milima ya Usambara mbele yake. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kisiwani (aliuliza bei ya karafuu kabla ya kuuliza habari za ndugu zake), alichukua birika akanimiminia kahawa kwa mkono uleule uliopasuliwa. Akasema, "Mwanangu, kabla ya operesheni nalikuwa nikilala nimekaa, miaka minne. Sasa nalala." Anavaa kanzu yake bila ya msaada, anafunga kikoi, anachana ndevu, anakula kwa mkono wa kulia. Nalimwomba ainue mkono; ukafika usawa wa paji la uso, ukaishia hapo. Mkono huo hafiki nao mgongoni kujikuna. Hilo halimuudhi.

Ili tufahamiane, yafaa kueleza bega lilivyo. Goti ni kama bawaba ya mlango, huenda mbele na nyuma. Bega ni kama limau lililokaa juu ya kisahani cha kahawa: kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kubwa, na kikombe chake katika kombe la bega ni kidogo na hakina kina. Kwa sababu hiyo mkono hugeuka pande zote, na kwa sababu hiyo hiyo bega ndilo kiungo chepesi kuliko vyote kuchomoka. Kinacholishika limau lisiporomoke ni kano nne zilizolizunguka, na juu yake msuli mnene tunaouona kwa nje. Kati ya mfupa na mfupa pana gegedu, laini kama nyama ya dafu, ili visisuguane.

Bega huharibika kwa njia nyingi. Gegedu hulika kwa uzee au kwa baridi yabisi, mfupa ukakwaruza mfupa. Kichwa cha mfupa huweza kuvunjika vipande vitatu au vinne, na mtu mzee hasa huenda visiunge sawasawa. Kwa wenye maradhi ya siko seli, hata vijana, mfupa huweza kufa kwa kukosa damu. Tena kano zile nne huchakaa na kukatika, na hapa sisi watu wa karafuu tuna neno letu: kazi ya kuinua mikono juu ya kichwa mwaka hata mwaka, kuvuta tawi kwa upembo na kuning'inia kwa mkono mmoja, huzichosha kano hizo kabla ya wakati wake.

Si kila bega bovu la kupasuliwa. Daktari mwema huanza na dawa za maumivu, na mazoezi ya viungo, na pengine sindano ndani ya bega. Operesheni huja nyuma, maumivu yanapomkosesha mtu usingizi na kazi ndogo ndogo, na picha ya eksirei inapoonyesha kwamba kiungo kimekwisha. Penye usaha au maambukizo, kama vile kifua kikuu cha kiungo, hakitiwi kitu cha bandia mpaka maradhi hayo yaishe.

Jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1893 huko Paris, daktari aitwaye Péan alimtia mwoka mikate mmoja bega la platinamu na mpira, kwa kuwa la kwake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu. Lilikaa miaka kama miwili, likaingia wadudu, ikabidi litolewe. Katika miaka ya 1950 daktari Neer wa New York akaanza kutia kichwa cha chuma kwa watu waliovunjika vibaya, na baadaye kikaongezwa kikombe cha plastiki ngumu. Hiyo ndiyo namna ya kwanza inayotumika hata leo, duara la chuma juu na kikombe chini kama Mungu alivyoumba. Ila namna hiyo yataka kano nzima. Kano zikiwa zimekatika, duara hupanda juu na mkono hauinuki. Basi Mfaransa mmoja, Grammont, mwaka 1985 akafanya kinyume: duara akalifunga kwenye kombe la bega, kikombe akakitia juu ya mfupa wa mkono, ili ule msuli mnene wa nje uweze kuinua mkono peke yake bila ya kano. Hilo ndilo bega la kinyume, na ndilo alilotiwa mzee wetu. Mwenye kuonwa na daktari asiache kuuliza, "Langu litakuwa la namna gani?" kwani miiko yake hutofautiana.

Kabla ya siku yenyewe pana kazi. Mgonjwa hupimwa damu, sukari, presha na moyo, na bega hupigwa picha zaidi ya moja. Sukari iliyopanda ni adui mkubwa wa kidonda, na tumbaku vilevile. Jino bovu au jipu hutibiwa kwanza, kwani wadudu wa huko husafiri katika damu wakaenda kukaa kwenye chuma. Amwambie daktari kila dawa anayokunywa, za dukani na za miti shamba, hasa zinazofanya damu kuwa nyepesi. Akiwa amechomwa sindano ya bega karibuni aseme, maana upasuaji hungojewa kiasi cha miezi mitatu. Na asichanjwe chale wala kupigwa chuku begani katika siku hizo. Kunyoa kwapa ni sunna, lakini asijinyoe kwa wembe siku za mwisho, kwani mikwaruzo ni mlango wa wadudu. Hospitali watafanya wanavyojua wao.

Siku ya operesheni mgonjwa hukaa na njaa kwa saa atakazoambiwa. Hutiwa nusu kaputi, na mara nyingi huchomwa sindano ya ganzi shingoni, inayoua maumivu ya mkono wote. Mzee wetu alicheka aliponisimulia kwamba alizinduka akautafuta mkono wake asiuone, akadhani wameukata. Ganzi ile huweza kudumu usiku mzima na zaidi, na inapoisha maumivu huja kwa kasi; basi dawa za maumivu zianzwe kabla haijaisha, si baada. Kupasua kwenyewe huchukua kama saa mbili. Kovu huwa mbele ya bega, urefu wa shibiri moja au pungufu. Walio wengi hukaa hospitali siku moja hata tatu.

Watu wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha. Bintiye mzee aliniambia kwamba hapo ndipo ilipoanza.

Kwa wiki nne hata sita mkono hukaa katika mbeleko, yaani kitambaa cha kuufunga na kuuning'iniza shingoni, mchana na usiku. Haiondolewi ila kwa kuoga, kuvaa na kufanya mazoezi. Kulala ni kwa kuegemea mito, nusu kukaa, na mto mdogo chini ya kiwiko ili mkono usianguke nyuma. Korogwe kuna joto. Kwapa hutoka jasho likachubuka, kwa hiyo binti alikuwa akimwinamisha babaye mbele kidogo, mkono ukaning'inia wenyewe, akamsafisha na kumkausha kwa kitambaa. Kidonda kisilowe mpaka hospitali iseme. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko huchezeshwa tangu siku ya kwanza, mara kadhaa kwa siku, visije vikakakamaa. Kisha huja zoezi la kuinama na kuacha mkono uning'inie na kuyumba kama kamba ya ndoo kisimani. Baada ya hapo mtu huinua mkono kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha wenyewe, na mazoezi ya nguvu hungoja mpaka kama wiki ya kumi na mbili.

Katika wiki ya tatu, jamaa wa mtaani kwa nia njema walimletea mzee mkandaji na chupa ya mafuta ya nazi. Binti akasimama mlangoni, akawashukuru, akawakatalia. Walimwona ana kiburi. Lakini alikuwa na haki: kano zilizokatwa na kushonwa upya huwa bado hazijashika, na kuvutwa siku hizo kwaweza kuzikata au kulichomoa bega. Atakayelipa fedha zote hizi kisha akamkabidhi mkandaji mkono wake amezitupa baharini.

Yako mambo madogo ambayo hospitali huenda isiyataje, nasi ndiyo maisha yetu. Sisi huketi mikekani, na mtu anapoinuka hujisukuma kwa mkono. Mkono uliopasuliwa usisukume kitu: si mkeka, si mkono wa kiti. Kwa bega la kinyume hatari hasa ni kuupeleka mkono nyuma ya mwili na kuukandamiza, kama afanyavyo mtu anayejiinua kitandani. Kwa sababu hiyo atafutiwe kiti cha kimo cha kutosha tangu mapema, na asichuchumae chooni bila ya mtu au kitu cha kushika kwa mkono mzima. Ambaye bega lake ni la kushoto ajue kwamba istinja itampa taabu kwa wiki nyingi. Aweke aibu kando, apange na wa nyumbani kwake. Na sala asali juu ya kiti, asijitupe kusujudu akaweka uzito mikononi. Sharia imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Mzee wetu alikuwa na simanzi juu ya jambo hili kuliko maumivu yenyewe, mpaka imamu wa mtaa alipokuja kukaa naye na kumtuliza.

Kazi nyepesi za mezani hurudi baada ya wiki sita hata kumi na mbili. Kuendesha gari au pikipiki ni baada ya mbeleko kutoka na daktari kuruhusu. Nguvu huongezeka polepole hata mwaka mzima. Mizigo mizito haibebwi tena maishani. Gunia la karafuu kavu halina nafasi katika bega hili, wala jembe la kuvunja ardhi ngumu. Kiungo chenyewe, kikitunzwa, hudumu: katika kila watu kumi, kama tisa huwa bado wanacho baada ya miaka kumi. Anayekitumia kwa nguvu hukilegeza mapema, na operesheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Hatari nazo zisifichwe. Maambukizo humpata mmoja au wawili katika mia, na wadudu wa bega ni wavivu, huweza kujificha miezi mingi kabla ya kujionyesha. Bega laweza kuchomoka. Mshipa wa fahamu waweza kuumia, mkono ukafa ganzi, mara nyingi kwa muda. Mfupa waweza kuvunjika mtu akianguka. Homa, kidonda kinachotoa maji au usaha, wekundu unaoenea, maumivu ya ghafula, mguu kuvimba au pumzi kuwa fupi: kwa lolote la hayo mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kutoka Korogwe nalikwenda Handeni. Njia ni ya lami, na pande zote mahindi yalikuwa yamesimama. Yule mchumaji nalimkuta shambani kwake, mtu wa miaka hamsini na kidogo. Alipoanguka mwaka 2022 alirudishwa kwao akaungwa na mganga wa mifupa wa kijijini, kwa vijiti na majani. Mfupa uliunga, lakini ulikaa kombo. Mwaka jana yake alipigwa picha, akaambiwa kwamba bega la kinyume lingewezekana. Akamuuliza daktari maswali yaleyale ya mwanachama wetu, na daktari akamuuliza yeye swali moja: "Unaumwa usiku?" Akajibu hapana, mkono haupandi tu, lakini hauumi. Daktari akamshauri angoje. Kwa umri wake na kazi ya jembe, bega la bandia lingechakaa mapema, na asiyeumwa hana sababu ya kuingia katika hatari hizo. Amefundishwa mazoezi, anayafanya, na mkono umeongezeka kidogo.

Nimeandika habari za watu hawa wawili pamoja kwa kusudi. Wote wawili walianguka mikarafuuni, wote walivunjika pahali pamoja, mmoja amepasuliwa na mwingine hakupasuliwa, na kwa nilivyoona mimi wote wawili walishauriwa vyema. Kilichowatenga ni usingizi wa usiku, na kazi ambayo mkono utarudi kuifanya.

Kuhusu fedha, sehemu kubwa ya gharama ni kiungo chenyewe, kwani huagizwa nchi za nje. Kubadilisha bega ni kazi adimu kuliko goti na nyonga, kwa hiyo mgonjwa wa kisiwani aanze katika hospitali zetu, apate barua ya kumpeleka kwa mabingwa wa mifupa, kama walioko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyoundwa mwaka 1996, au KCMC Moshi. Mwenye bima, ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au ya Bara, aulize kwa maandishi kabla ya kusafiri: kiungo kinalipiwa chote au sehemu? Mazoezi ya baadaye je? Na katika hesabu yake aweke pia nauli ya kurudi kuonwa, chakula cha msaidizi, na wiki zile zote ambazo hana mkono. Mzee wetu alichagua Februari kwa sababu karafuu zilikuwa zimekwisha kuanikwa na kuuzwa. Aliyepasuliwa karafuu zikiwa mitini atatamani kutoka nje kuwasimamia wachumaji, atainua mkono kuonyesha tawi, na hapo ndipo mambo huharibika.

Mwanachama wetu nimekwisha kumpa habari hizi zote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama yule mzee wa Korogwe kweli analala usiku kucha. Nikamwambia ndivyo alivyoniambia, na binti yake akathibitisha. Amesema hatauza mikarafuu kumi na miwili. Atauza mitano, na mingine ataikodisha kwa misimu miwili, kisha atakwenda. Wanachama wanaotaka kuikodi waje ofisini.

Na yule ndugu wa Handeni aliniomba niwaulize: hawezi kupanda tena, lakini macho yake ni mazima na hesabu anaijua, je, msimu ujao yuko atakayempa kazi ya kupima pishi au kuangalia majamvi? Jina lake nimeliandika katika daftari, na litasomwa kwenye kikao cha wajumbe.

Katibu wa Chama